Siri ya Ukuta wa Jikoni

Kila alasiri akitoka shule, Tamsin alivua sare, akavaa shati kuukuu la baba yake lililomfika magotini, akafunga barakoa na kupiga magoti sebuleni kung'oa misumari. Zulia la wenye nyumba wa zamani lilikwisha kutolewa, lakini misumari yake midogo ilibaki mamia kwa mamia kwenye sakafu ya mbao. Hakuna aliyemlazimisha. Alikuwa na miaka kumi na mmoja, na aliipenda nyumba hii.

Wiki tano zilizopita walikuwa wamehama kutoka Mount Isa, mji wa migodi, wakasafiri siku mbili kwa gari hadi Maryborough, alikozaliwa mama yake. Tamsin aliwaacha marafiki zake wote. Kilichomliwaza ni Mjomba Neville, kaka wa mama, fundi seremala mwenye mzaha mwingi. Yeye ndiye aliyewatafutia nyumba, akaikagua na kumwambia baba, "Shemeji, nunua bila wasiwasi. Nyumba hii itatuzika sote."

Alhamisi hiyo baba yake, Garth, alikuwa jikoni akifunga rafu. Keekee ya kutobolea ukuta ilinguruma kidogo tu, ikazama bila kukuta ubao mgumu.

"Lorelle, hebu njoo," aliita.

Mama alikwenda na brashi ya rangi mkononi, Tamsin nyuma yake. Baba alichukua bisibisi, akaisukuma ukutani kwa kidole kimoja. Ikazama mpaka kwenye mpini. Akabandua ubao. Ndani, nguzo zilikuwa zimeliwa, yamebaki maganda na udongo, na mchwa weupe walikuwa wakikimbia mwanga.

"Wamekaa humu miaka," baba alisema. Akakwangua chini ya dirisha. "Na hapa kuna mtu ameziba. Puti ya kuzibia bado laini, na rangi juu yake ni mpya."

Tamsin alisogea akapatazama. Mahali pale alipajua. Siku walipokuja kuiona nyumba, wazazi wakiwa uani, alibonyeza hapo kwa dole gumba, likaingia ndani ya ubao. Alimwonyesha mjomba. Mjomba alipatazama, kisha akainama mpaka nyuso zao zikakaribiana. "Ni unyevu tu," alisema. "Nitaurekebisha mwenyewe. Usimwambie baba yako, maana ataingiwa na wasiwasi na nyumba itatuponyoka. Hii ni siri yetu, mimi na wewe." Tamsin alifurahi kuaminiwa na mtu mzima. Siri aliitunza.

Jioni Mjomba Neville alikuja na mkate wa ndizi, kama kawaida yake. Baba hakumkaribisha kiti. Alimpeleka moja kwa moja ukutani.

"Loo, shemeji," mjomba alisema, akitikisa kichwa. "Hawa wadudu ni wajanja. Nani angejua?"

Tamsin alimtazama. Alingoja aseme ukweli. Alingoja hata amtupie jicho. Mjomba alikuwa akipangusa mikono kwenye suruali.

"Wewe ulijua, Mjomba," Tamsin alisema. "Nilikuonyesha. Uliniambia nisimwambie Baba."

Mjomba akacheka kidogo. "Mtoto huyu naye. Lorelle, si unajua anavyotunga hadithi? Amechanganya mambo."

Maneno yale yalimuuma Tamsin kuliko ukuta wote ule. Machozi yalimlengalenga, lakini hakufumba macho. "Situngi. Ulisema ni siri yetu."

Mama aliweka brashi mezani. "Neville, nitazame mimi."

Mjomba alimtazama, kisha mabega yakamshuka. Akavuta kiti, akakaa.

"Anasema kweli," alisema. "Miaka sita namuuguza mama yetu peke yangu. Namwogesha, namlisha, namwamsha. Hakukuwa na nyumba nyingine karibu naye. Niliogopa mkiikosa hii, hamtakuja tena."

"Ungeniambia umechoka," mama alisema kwa sauti ndogo, "ningekuja nikakaa hata kwenye hema. Lakini umenidanganya. Na mwanangu ukamfanya mwongo mbele yangu."

Mjomba aliondoka. Mkate haukuliwa.

Fundi wa kuua wadudu alikuja Jumatatu, akakagua mpaka chini ya sakafu. Bahati yao, mchwa walikuwa upande wa jikoni tu. Jumamosi asubuhi mjomba alifika na mbao mpya na vifaa vyake. Baba alimfungulia mlango bila kutania. Jumamosi nne mfululizo walibomoa na kujenga, wakizungumza vipimo tu. Mama alianza kwenda kumwogesha mama yao, Bibi Edna, siku tatu kwa wiki, ili kaka yake apumzike.

Siku ukuta ulipokamilika, mjomba alimfuata Tamsin kwenye ngazi za mbele.

"Nilikuita mwongo," alisema. "Mwongo nilikuwa mimi. Nisamehe, mama."

Tamsin alimtazama usoni. "Bado nina hasira, Mjomba."

"Una haki. Nitangoja."

Alipokwenda zake, mama akaja kuketi mahali pale. Tamsin akamwambia kilichokuwa kikimnyima raha siku zote hizo. "Mimi pia nina makosa. Ningesema mapema, tusingeinunua."

"Mtu mzima uliyempenda ndiye aliyekutwika mzigo huo, wala haukuwa wako," mama alimjibu. "Lakini lishike neno hili mpaka ukue: zawadi ya siku ya kuzaliwa ni siri, maana mwisho wake wote tutafurahi. Mtu akikuambia, 'Usiwaambie baba na mama,' na roho yako ikasita, basi hilo ndilo la kutuambia kwanza. Awe mjomba, awe mwalimu, awe mimi mwenyewe, mwambie baba yako. Na ukisema kweli ukaitwa mwongo, sema tena, kama ulivyofanya jikoni. Ulisema mara mbili, Tamsin. Ile ya pili ndiyo iliyoutoa ukweli."