Magogo ya Mpingo Mtaroni

Kornelio wa Buguruni alikuwa mchonga vinyago, mtu wa Newala. Mikono yake ilikuwa ya fundi hasa, lakini kwa ubishi hakuwa na mwenzake. Magogo yake ya mpingo aliyalaza ndani ya mtaro, nyuma ya nyumba, akayafunika kwa magunia.

Siku moja Bi Mwamvita, balozi wa nyumba kumi, alipita hapo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mtaro huu ni njia ya maji, na masika imefika. Yatoe haya magogo."

"Mama balozi, mpingo ukipigwa na jua unapasuka. Humu mna ubaridi. Tena mpingo hauelei. Hata maji yakija, hauendi popote."

"Hilo ndilo linalonitisha. Mpingo usipokwenda, maji yatapita wapi?"

Kornelio alicheka. Nani amfundishe mambo ya mpingo?

Jumatano iliyofuata, mkewe Eufrazia alikwenda duka la ushirika kupanga foleni ya sukari. Mtoto wao, Margareta, alikuwa amelala ndani. Mvua ikashuka kwa kishindo. Kornelio alijibanza katika banda lake la kazi uani, akaendelea kusugua kinyago chake. Mvua za masika alizizoea.

Alipoinua macho, hakuuona ua. Maji ya matope yalikuwa yamejaa pote, yanaingia nyumbani kwa kasi. Alipigwa na butwaa, kinyago mkononi. Ndipo akasikia mtoto analia.

Alikimbilia mlango, akauvuta. Maji yalikuwa yameugandamiza, haukufunguka. Kilio kikakatika. Kornelio akachukua tezo lake la kuchongea, akaupiga ukuta wa udongo mpaka ukatoboka.

Margareta alikuwa amesimama, ameshika mguu wa kitanda. Maji yalikuwa yamemfika kidevuni. Halii tena, anamtazama baba yake tu.

Bi Mwamvita, aliyekuja mbio, alimpokea mtoto pale tunduni. Kornelio akageuka kufuata vinyago vyake.

"Viache," balozi alimwambia. "Maji ya kasi yakifika magotini humwangusha hata mwanamume. Twende shuleni, kule juu."

Eufrazia aliwakuta huko shuleni. Alimkumbatia mwanawe asimwachie.

Mvua ilipokwisha, majirani walimsaidia kutoa magogo. Gogo la mwisho lilipotoka, maji yote ya uani yalikwenda zake kama yaliyokuwa yakingoja ruhusa. Kornelio aliduwaa kuliko alivyoduwaa kwa mvua.

"Kumbe ni mie niliyeyazuia," alisema. "Mama, nusura nimuue mwanangu kwa mikono yangu."

"Umeona mwenyewe, sina la kuongeza," Bi Mwamvita alijibu. "Sasa tufanye kazi."

Kornelio alichimba shimo bandani, akafukia magogo ndani ya unga wa mbao uliolowana. Halikupasuka hata moja. Mlangoni alijenga kizingiti kirefu. Nyumba zote kumi zilikubaliana kuzibua mtaro kila Jumamosi, na wingu likitanda, mtoto asiachwe ndani peke yake. Lile tundu la ukutani hakuliziba. Alilitilia fremu, likawa dirisha.

Masika ya mwaka uliofuata, mvua ilishuka vilevile. Margareta, ambaye sasa alikuwa anasema, alichungulia dirishani.

"Baba, maji yanakwenda."

Kweli yalikuwa yanakwenda, mtaro unanguruma, ua hauna hata dimbwi. Kornelio aliyatazama kwa muda. Kisha akaweka tezo chini, akambeba mtoto, akamwita mkewe, wakapanda shuleni.