Tangazo la Kifo cha Kamen

Kila asubuhi Inspekta Vesela Peeva alizunguka nyuma ya posta kwenda kazini. Njia hiyo ilimwongezea dakika nne, lakini haikupita mbele ya karakana ya matairi, ambako Kamen na wenzake walikaa wakinywa kahawa na kuwapigia kelele wanawake wapitao. Hakuna kituoni aliyejua kwamba inspekta anakwepa viti vitatu vya plastiki.

Jumanne hiyo Kamen mwenyewe alimkatia njia, jasho likimtoka.

"Afande, nimekufa."

Akampeleka hadi kwao. Getini palikuwa pamebandikwa karatasi yenye ukingo mweusi, kama zile zinazobandikwa kila Mbulgaria anapofariki: picha ya Kamen, umri wake, miaka thelathini na minne, na chini yake, "Kwa majonzi, mama."

"Unamshuku nani?"

"Nevena wa duka la dawa. Jana kasema atafurahi nikifa. Na mimi namtania tu."

"Unamtaniaje?"

Kamen aliangalia viatu vyake. "Maneno ya kawaida."

Saa nne Nevena alikuwa katika chumba cha mahojiano, koti jeupe la kazi bado mwilini. Mwajiri wake alikuwa ameshapiga simu: akishtakiwa, asirudi dukani.

"Ulisema utafurahi akifa?"

"Nilisema. Alinifuata mpaka mlangoni akilisifia umbo langu mbele ya wateja."

"Kwa nini hukuja kushtaki?"

"Kwako?" Nevena alimtazama usoni. "Nakuona kila asubuhi, afande, ukipita nyuma ya posta."

Vesela aliinamia daftari akaandika kitu. Hakikuwa neno.

Alirudi kwa akina Kamen. Mama mtu, Bi Genka, alikuwa amevaa nyeusi, akiwagawia majirani ngano ya kuchemsha ya matanga kwenye vikombe. Kamen naye alikuwa anakula.

"Kula, marehemu," jirani mmoja alimwambia. "Wengine hawapati nafasi hiyo."

Vesela alionja. Ngano ilikuwa laini, kavu, imechanganywa vizuri na sukari na kokwa za jozi. Akaacha kutafuna. Alimvuta Bi Genka jikoni.

"Tangazo uliliona saa ngapi?"

"Saa moja asubuhi, mwanangu."

"Na ngano uliichemsha lini?"

Bi Genka alichukua kijiko akaanza kukoroga ngano.

"Nilimzika mama yangu, Bi Genka. Ngano hii hutandazwa kwenye kitambaa usiku kucha ikauke. Ulijuaje jana kwamba leo kutakuwa na msiba?"

Bi Genka aliweka kijiko chini. "Sikuweza kumuaga bila ngano," alisema. "Hata hivi, akiwa hai."

"Kwa nini, mama?"

"Jumamosi mvua ilinikuta sokoni. Binti yangu, tuliyekuwa naye, akanivalisha koti jekundu alilojinunulia hapo hapo, lenye kofia. Nikapita karakanani. Nyuma yangu mtu akaniambia mambo ambayo hata marehemu mume wangu hakuwahi kuniambia tukiwa wawili. Wenzake wakacheka. Ile sauti, inspekta, mimi ndiye niliyeifundisha kusema."

"Hukugeuka?"

"Ningegeuka angejua ni mimi. Nikaona aibu mimi, fikiria, nikakaza mwendo kama mwizi. Jioni nikampakulia supu. Nikataka kumwambia, mdomo ukakataa. Kwenda kwa mchapaji kulikuwa rahisi zaidi."

Vesela alifunga daftari lake.

"Mimi pia sijawahi kufungua mdomo," alisema. "Na sasa Nevena anakaribia kupoteza kazi kwa sababu mimi na wewe tumenyamaza."

Akapiga simu kituoni. "Mwachieni Nevena. Mwambieni asiondoke, nakuja kumwomba radhi. Na mwajiri wake nitampigia mwenyewe."

Alipogeuka, Kamen alikuwa mlangoni, kikombe mkononi.

"Mama, wanasema umeniandikia kifo wewe? Nimekukosea nini?"

Bi Genka alitazama sakafu. Halafu akainua uso.

"Yule wa koti jekundu, Kamen. Uliyemwambia kitanda chako kinamngoja. Nilikuwa mimi. Nilikuonea aibu, mwanangu, hadi nikaona heri niwaambie watu umekufa."