Fundi na Bwana Kamera

Jumamosi saa nane mchana saluni ilikuwa imejaa hadi mlangoni. Mashine za kukaushia nywele zilivuma, redio ikishindana nazo, na wanawake waliokuwa kwenye foleni walikuwa wamefika pale pa kusimuliana hata mambo waliyoapa kutoyasema. Katikati ya msongamano huo alisimama kijana mrefu mwenye shati jeupe lililopigwa pasi vizuri, simu mkononi, akipiga picha za misuko kwa ajili ya ukurasa wa saluni. Watu walimwita Kamera. Kazi yake ilikuwa kuzipiga picha biashara ndogondogo, kuziweka mtandaoni, na kuziletea macho ya watu ambao kila siku walipita mlangoni bila kugeuza shingo.

Mara bomba la chini ya sinki likapasuka.

Wateja walipandisha miguu juu ya viti. Mmoja alitimua mbio hadi barabarani na povu lake kichwani. Mwenye saluni aliziba tundu kwa taulo, taulo likalowa, akaongeza la pili, huku akipiga kelele kwenye simu, "Fundi, njoo mama yangu, tunazama!"

Haikupita dakika kumi akaingia mwanamke mwenye overoli ya bluu, mikono imekunjwa hadi kwenye viwiko, kitambaa chekundu kichwani na begi zito begani.

"Koki kuu iko wapi?"

Mwenye saluni alitazama huku na huku. Hakujua. Fundi hakuuliza mara ya pili. Alitoka nje, akaufuata ukuta kwa macho, akasogeza chungu cha maua, akafunua kifuniko kilichokuwa chini yake, akaizungusha koki. Ndani, maji yakanyamaza.

Kamera alisahau misuko. Alimtazama akilala chali kwenye sakafu iliyolowa kana kwamba amelala kitandani kwake, akikata kipande kibovu, akisafisha ncha, akizungusha utepe mweupe taratibu, akikaza spana kidogo, akisikiliza, kisha akikaza tena kidogo. Vidole vyake havikuwa na haraka wala wasiwasi. Kabla hajajijua, Kamera alikuwa ameshaanza kurekodi.

"Wewe," Fundi alisema kutoka chini ya sinki, "unarekodi nini huko?"

"Mikono."

"Mikono ya nani?"

"Yako. Samahani. Sijawahi kuona mtu akifanya kazi hivyo."

Alijitoa chini ya sinki, tope shavuni, akamtazama kuanzia viatu hadi shati. "Na mimi sijawahi kuona mwanamume akija saluni ya kike na kutoka mkavu. Una bahati. Hebu nipe ile tochi."

Kamera alimpa tochi. Na moyo, ingawa yeye mwenyewe alikuja kulijua hilo siku chache baadaye.

Walipotoka nje Fundi alimsimulia hali yake bila kulalamika. Kazi ile aliirithi kwa baba yake, aliyekuwa fundi bomba kwa miaka thelathini, ambaye sasa mgongo ulikuwa umemgomea. Wateja wa zamani walikuwa wamehama au wamefariki. Wateja wapya walimpigia simu, na alipofika mlangoni walichungulia nyuma yake wakimuuliza, "Fundi mwenyewe yuko wapi?" Wiki nyingine alipata kazi mbili, wiki nyingine hakupata hata moja.

"Basi niruhusu niiweke hii video," Kamera alisema. "Watu wakikuona ukifanya kazi, hakuna atakayekuuliza tena fundi yuko wapi."

"Na wakicheka?"

"Wakicheka, watakuwa wamekwishaona namba yako ya simu."

Fundi akaangua kicheko. "Haya, Bwana Kamera. Weka."

Video ilikuwa ya sekunde arobaini tu. Jumatatu asubuhi Fundi alimpigia simu, sauti imepanda.

"Umenifanyia nini wewe? Simu haijatulia tangu alfajiri! Kuna mama anataka nije leo, kuna mwenye nyumba za kupanga ana vyoo sita vinavuja, na kuna mzee mmoja hana hata tatizo, anasema anataka tu kunipongeza!"

"Umemjibuje?"

"Nimemwambia ahsante, babu, kitu kikiharibika nipigie."

Tangu siku hiyo wakawa kitu kimoja. Asubuhi Kamera alibeba begi la vifaa, mchana akarekodi, jioni wakaketi kwenye ngazi za karakana ya Fundi wakijibu maswali ya watu. Fundi alifundisha, naye Kamera alihariri video. Jinsi ya kuzibua sinki bila kuharibu bomba. Kwa nini tangi la choo linalia usiku kucha. Watu walipenda sauti yake isiyo na maringo, na zaidi walipenda namna alivyosema, "Usiogope, ni maji tu."

Nyakati za usiku simu zao zilikuwa za aina nyingine.

"Umekula, Fundi wangu?"

"Nimekula. Na usiniite wako, sijasaini popote."

"Nitaleta karatasi kesho."

"Leta na kalamu. Zangu zote zimelowa."

Alikuwa akicheka huku akisema hivyo, na Kamera alilala akiwa na kicheko hicho sikioni. Hakuwahi kumwambia wazi kwamba anampenda. Kila alipotaka kusema aliyameza maneno, akasema jambo la biashara.

Katika mwezi wa tatu wa kazi yao ya pamoja waliitwa nyumbani kwa mwalimu mstaafu wa hisabati, mama aliyeishi peke yake. Bomba lilikuwa likivuja ndani ya ukuta wa bafu kwa muda mrefu. Rangi ilikuwa imebanduka, mabeseni yamepangwa kwenye ujia, na godoro limeegemezwa kwenye viti likikauka. Fundi alibandika sikio ukutani, akasogea hatua moja, akabandika tena, akagonga kwa kifundo cha kidole. "Hapa." Akavunja tundu dogo lisilozidi ukubwa wa kitabu, na bomba lenye ufa likawa palepale.

Kamera alirekodi yote, hata mabeseni na mwalimu aliyesimama kando yake. Usiku ule aliihariri video, akaona ni nzuri kuliko zote alizowahi kutengeneza, akaipandisha mtandaoni.

Ilisambaa kuliko zote pia. Siku ya pili watu wakaanza kuandika kwenye maoni: *Huyu si mwalimu wetu? Kumbe anaishi hivi? Jamani, tumsaidie!* Wanafunzi wake wa zamani wakaanza kubisha hodi na mablanketi. Majirani wakaanza kumtazama kwa macho ya msibani.

Fundi alikuja kwa miguu hadi studio ya Kamera, bila begi, uso umekakamaa.

"Mwalimu amenipigia simu analia," alisema. "Unajua alichoniambia? 'Mwanangu, mimi niliita fundi, sikuita huruma.'"

"Lakini watu wanataka kumsaidia. Na wateja, hebu tazama, leo tu wame..."

"Sitaki kutazama!" Aliisukuma kando simu ya Kamera. "Mimi naingia hadi bafuni kwa watu. Naona nguo zao chafu, dawa zao, umaskini wao. Baba yangu aliingia nyumba za mji huu miaka thelathini na hakutoka na neno hata moja. Ndiyo maana walimfungulia mlango. Wewe umefungua mlango wa mwalimu ukawaita watu wote waje kuchungulia."

"Sikukusudia."

"Najua hukukusudia. Ungekusudia, ningekuchukia, ningepumzika." Alishika kitasa. "Futa. Halafu usije tena kazini kwangu."

Kamera alipiga simu jioni, haikupokelewa. Alipiga kesho yake, haikupokelewa. Alituma ujumbe mrefu, akapata jibu la neno moja: *Nimesoma.*

Video alikuwa ameifuta saa ileile Fundi alipoondoka, lakini kufuta hakukumpa usingizi. Kwa siku nne alikaa studio akizitazama bila sauti rekodi za zamani, zile ambazo hazijahaririwa. Aliona kitu ambacho hakuwa amekiona: katika kila moja, kabla ya kugusa chochote, Fundi alimgeukia mwenye nyumba na midomo yake ilisema kitu. Akaongeza sauti. "Naomba kufungua hapa." "Naomba kusogeza hiki." Kila mara aliomba. Yeye mwenyewe alizikata sekunde hizo kwa sababu zilipunguza kasi ya video.

Siku ya tano alipiga moyo konde akaenda kwa mwalimu. Hakubeba zawadi wala blanketi.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba." Alimwacha amesimama mlangoni. "Wewe ndiye mwenye simu."

"Ndimi. Nimekuja kukuomba radhi. Nilikurekodi bila kukuomba ruhusa."

"Siku ile ulinisalimia vizuri sana," mwalimu alisema. "Nikaitikia. Je, katika hesabu zako, kuitikia salamu ni sawa na kutoa ruhusa?"

"Hapana, mwalimu."

"Sema kwa sauti."

"Hapana, mwalimu!"

Mwalimu alimwangalia kama anayesahihisha daftari. Kijana hakujitetea, hakusema habari za wateja wala za wema wa watu. Machozi yalimlengalenga na hakuyafuta.

"Ingia," alisema hatimaye. "Viatu nje. Sasa nisikilize. Watu wameshaniona nikiwa na mabeseni, na kufuta hakuwezi kuwaondolea walichokiona. Kama ni lazima wanione, basi wanione nikifundisha. Kesho saa nne uje na simu yako. Mengine niachie mimi."

Mengine yalikuwa ni kumpigia Fundi simu na kumwambia bomba lina matatizo.

Saa nne kasoro Fundi alifika mbio na begi lake, akamkuta mwalimu ameketi uani mbele ya ubao mdogo, amevaa gauni la kijani na miwani yenye mnyororo, na Kamera amesimama pembeni kama mwanafunzi aliyechelewa.

"Bomba liko wapi, mwalimu?"

"Bomba ni zima, ulilitengeneza mwenyewe. Kilichoharibika ni ninyi wawili. Simama hapa kulia kwangu. Wewe kijana, unaniomba nini?"

"Naomba kukurekodi, mwalimu."

"Nakuruhusu. Anza."

Naye akaanza, chaki mkononi, sauti ile iliyowahi kunyamazisha madarasa ya watoto sitini. "Usiku, funga koki zote za nyumba yako. Soma mita ya maji, andika namba. Asubuhi, kabla hujafungua hata koki moja, isome tena. Kama namba zimebadilika, maji yamekwenda wapi? Yamo ndani ya ukuta wako, yanakula nyumba yako kimyakimya. Mimi, mwalimu wa hisabati, nilishindwa hesabu hii miaka miwili kwa sababu niliona aibu kuita mtu. Huyu binti aliyesimama hapa alikuja, akasikiliza ukuta, akavunja tundu la ukubwa wa kitabu, akamaliza. Msione aibu. Iteni fundi mapema."

Hakurudia hata neno. Alipomaliza alijifuta chaki, akasema anakwenda kulala kidogo, akawafungia mlango wakiwa uani.

Fundi ndiye aliyeanza.

"Ameniambia ulivyokuja. Anasema hukujitetea."

"Sikuwa na la kujitetea."

"Nilikukasirikia sana." Aliinamisha kichwa. "Halafu nikawa nashika spana, najikuta nageuka nyuma kukuambia kitu, na haupo. Nikakasirika upya."

"Fundi, tangu siku ile ya saluni nakupenda. Kila siku nilitaka kusema, nikaishia kukusemesha habari za wafuasi wa mtandaoni."

"Nilijua."

"Ulijua?"

"Mtu anayebeba begi la kilo ishirini ghorofa nne bila kulalamika, kisha anasema anapenda mazoezi! Nilijua, mpenzi. Nilikuwa nasubiri useme mwenyewe."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo. Kamera akamshika mkono, mgumu viganjani na wenye joto, na hakuuachia mpaka mwalimu alipokohoa dirishani.

Somo la mwalimu lilisambaa polepole, kisha likafika kote. Simu zilizofuata zilikuwa za watu wanaosema, "Nimesoma mita yangu, namba zimebadilika." Fundi akaajiri mafundi wawili, wote wanawake.

Jumapili moja saa kumi Kamera aliketi sebuleni kwa baba yake Fundi, amekuja kuposa, suti ya kuazima ikimbana mabegani. Mzee alikuwa ameegemea mito mitatu kwa ajili ya mgongo. Alimwacha atoe jasho kwanza.

"Unampendea nini binti yangu? Na usiniambie uzuri, macho ninayo."

Maneno yote aliyokuwa ameyakariri njiani yalimtoroka. Likabaki moja tu.

"Akimaliza kazi, mzee, hupiga deki. Hapigi deki sehemu aliyochafua tu, hupiga deki chumba kizima, hata tope alilolikuta. Nilimuuliza kwa nini. Akasema mwenye nyumba asijue fundi aliishia wapi. Mimi nataka kuishi na mtu wa namna hiyo. Na nataka nijifunze kuwa hivyo."

Mzee akageuza uso upande wa jikoni. "Binti! Umesikia?"

"Nimesikia, baba."

"Unasemaje?"

Fundi akatokea mlangoni, gauni la njano, nywele wazi, mikono mitupu asijue pa kuiweka. Kamera hakuwahi kumwona akiwa na haya.

"Nasema ndiyo, baba."

Wakati huohuo simu ya Fundi ikaita mezani. Ilikuwa namba ngeni, mteja bila shaka. Wote watatu wakaitazama. Iliita, ikakatika, ikaita tena. Fundi akanyoosha mkono, akaigeuza kifudifudi.

"Dakika tano tu," alisema, akaketi karibu na Kamera. "Hakuna nyumba inayozama kwa dakika tano."