Taa ya Kijani ya Katungu

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Katungu hugonga mabidoni, yale madumu ya maji. Yako matano, yamepangwa nyuma ya mlango wa nyumba yao huko Mabanga. Bidoni tupu hulia kama ngoma. Lenye maji hujibu kwa sauti nzito. Mama yake, Mama Kaswera, hakubali jibu la kukisia.

"Kuko mayi?" huuliza.

"Iko, mama."

"Umegonga?"

Kama hajagonga, hurudi akagonga. Katungu alikuwa na miaka kumi na mitatu, na kazi hiyo aliiona ni usumbufu mtupu.

Shuleni kwao, Murara, alikuwa mtu mwingine. Huko alikuwa fundi wa klabu ya kompyuta. Mwaka ule klabu ilipewa kazi moja: kuandika programu ya pampu ya shule. Pampu ingevuta maji kutoka kisima cha saruji kinachokusanya mvua na kuyapandisha kwenye tangi, ili watoto wadogo waache kubeba bidoni. Lakini pampu ikizunguka bila maji, huungua. Kwa hiyo mlinzi wa shule angeiwasha baada tu ya kuona taa ya kijani.

Programu ingekaa ndani ya karte, kibao kidogo chenye nyaya na taa. Karte ilikuwa moja tu, na Prof Mushagalusa, mwalimu wa klabu, aliifungia kabatini. Wanafunzi walifanya majaribio kwenye karte ya kuigiza, yaani mchoro ndani ya kompyuta wenye taa zake, pampu yake na kisima chake. Huko hata ukikosea, hakuna kinachoungua.

Programu ilikuwa na ukaidi wa punda. Ilipowashwa iliandika NAAMKA, kisha kimya. Ilitakiwa ipite hatua nne, halafu iandike TAYARI na kuwasha taa ya kijani. Katungu na rafiki yake Joviale waliizima na kuiwasha wiki nzima, bila mafanikio.

Jumatano, Joviale alipotoka kidogo, Katungu aliuchukua mstari wa TAYARI kutoka mwisho akaupandisha juu, kabla ya hatua zote. Akawasha. NAAMKA. TAYARI. Taa ya kijani ikawaka, nzuri kweli kweli.

Joviale aliporudi alipiga vigelegele, na Prof akaja mbio.

"Muzuri sana, batoto! Samedi tutaiweka ku karte ya kweli, bazazi bote bakiwa hapa."

Jumamosi haikuwa mbali. Katungu alitabasamu. Sifa ni tamu, hata ya kuokota.

Kesho yake asubuhi, mama aliuliza kama kawaida. Katungu alikuwa anafunga viatu. "Iko," alijibu, "nimegonga." Mama akaweka sufuria ya maharagwe motoni na maji kidogo yaliyobaki kwenye jagi, kisha akaenda kuchukua mengine ya kuongeza. Akainua bidoni la kwanza, la pili, mpaka la tano. Yote matupu. Aliporudi kutoka kwa jirani na maji ya kuomba, maharagwe yalikuwa yameshika chini, meusi.

Mama hakupiga kelele. Alikwangua sufuria tu. Katungu aliitazama, akaona akilini pampu ya shule inatoa moshi. Aibu ikamshika.

Njiani alimweleza Joviale kila kitu.

"Nyamaza, weye!" Joviale alishtuka. "Nani atajua?"

"Pompe itajua," alisema Katungu.

Njia ya mwongo ni fupi, naye hakutaka kufika mwisho wake. Alimwendea Prof kabla ya kengele na kumwambia yote, macho yakitazama chini. Prof alimvutia kiti mbele ya kompyuta.

"Rudisha mustari ku nafasi yake," alisema. "Kisha tafuta mahali programu inakwama. Usiibembeleze. Iulize."

Katungu akakumbuka mabidoni. Baada ya kila hatua aliweka neno dogo la kuandikwa kwenye kioo cha kompyuta, kama kugonga. Yeye na Joviale wakawasha. Moja. Mbili. Kimya. Hatua ya tatu ilikuwa kukiuliza kisima kama kina maji, na kusubiri mpaka yawepo. Joviale akafungua mchoro wa kisima. Kilikuwa sifuri. Wiki nzima hakuna aliyekijaza!

"Basi haikuwa mugonjwa," alisema Joviale. "Ilikuwa inasubiri mayi."

Wakajaza kisima cha kuigiza. Tatu. Nne. TAYARI. Kisha wakaongeza taa nyekundu na maneno HAKUNA MAJI, ili siku nyingine programu isikae kimya.

Jumamosi wazazi walijaa uwanjani. Prof aliwasha karte ya kweli. Taa nyekundu! HAKUNA MAJI. Watu wakaguna. Mlinzi akafungua kifuniko cha kisima, akatupa jiwe, likagonga saruji kavu. Mvua ilikuwa haijanyesha kwa wiki tatu.

"Ingelikuwa ile programu ya mercredi," Prof alimnong'oneza Katungu, akimkumbusha Jumatano, "pompe ingekuwa imeungua sasa hivi."

Wazazi walileta mabidoni kutoka nyumba za jirani, wakamimina maji kisimani. Taa ikageuka kijani, mlinzi akawasha pampu, na maji yakapanda. Watoto wadogo ndio walioshangilia zaidi.

Jioni Katungu alimsimulia mama yake yote, hata ya Jumatano. Mama Kaswera alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mutoto wangu," alisema, "neno 'iko' ni fupi, lakini batu banaweka sufuria ku moto juu yake. Gonga kwanza, kisha ujibu."

Katungu akaenda nyuma ya mlango, akagonga yote matano.