Mbwa wa Cumbre na Gasketi ya Casimiro

Jua lilikuwa limeanza kuinama pale don Hilarión, fundi wa Coroico, alipojivuta kutoka chini ya lori, uso mzima madoa ya oili.

"Gasketi ya sampu hiyo, bakuli la oili chini ya injini," alisema. "Inavuja kidogo tu. Haiui injini."

"Basi tuiache," Casimiro akadakia.

"Ningekuwa wewe ningeibadilisha. Tena siyo kwa ajili ya injini." Fundi alishusha sauti. "Umewaona mbwa wa kule juu wanavyofanya?"

Aliwaona sana. Madereva wote wa njia ya kwenda La Paz wakifika kilele cha mlima wa Cumbre hupunguza mwendo na kuwarushia mbwa mikate, maana kila mbwa pale amebeba roho ya dereva aliyetumbukia korongoni. Usiporusha, hujui unamnyima nani. Lakini Casimiro alikuwa mkono wa birika tangu kuzaliwa, na tangu gasketi ianze kuvuja hakununua mkate hata mmoja. Mbwa walikuwa wakilifuata lori lake wakilamba matone ya oili barabarani.

"Wameshiba hao," alikuwa akimwambia mkewe. "Lori linawalisha lenyewe."

Nicolasa hakucheka hata siku moja. Sasa alisimama kando ya shehena yao ya machungwa, mikono kiunoni.

"Ziba hicho kitu, we mwanaume! Unawazoesha nini?"

"Ukiziba, beba mikate mingi," fundi alisema. "Waombe radhi. Usipande mikono mitupu, Casimiro, nakusihi."

Casimiro aliwaza wee. Akiiacha, mbwa watazidi kuzoea. Akiiziba, watakosa. Mwishowe alikubali gasketi mpya ifungwe, akaondoka ametulia roho. Duka la mikate alilipita bila kugeuza shingo. Mjinga kweli.

Walipokaribia kilele, ukungu ulikuwa umefunika barabara na mwanga wa jioni ulikuwa wa kijivu. Lori lilinguruma kwa gia ya chini. Nyuma yao lami ilikuwa kavu.

Mbwa walikuwa wamesimama katikati ya barabara.

Casimiro alipiga honi. Hawakusogea. Akafunga breki, na lori liliposimama akasikia kitu chini ya sakafu, chini kabisa ya miguu yake...

Lap... lap... lap...

"Wanalamba sampu," Nicolasa alinong'ona.

"Haina kitu. Ni kavu."

Sauti ikakoma. Halafu ikaja nyingine, ya meno juu ya chuma.

"Mikate iko wapi?"

Casimiro alipiga honi tena.

"Mungu wangu, Casimiro! Hukununua?"

Nicolasa akafungua kitambaa chake cha chakula, viazi na kipande cha jibini, akausukuma mlango kidogo ili awarushie. Upenyo ule ulitosha. Mbwa mwenye jicho moja jeupe alimdaka shavu la mguu, akavuta. Nicolasa akaanguka lamini kwa mgongo, kofia ikabiringika, na wengine wakamwangukia. Hata mmoja hakubweka. Kilichosikika ni nguo kuchanika, kisha nyama.

"Casi! Casiii!"

Casimiro aliruka chini na wili spana, ile ya kufungulia magurudumu. Alimpiga yule mbwa wa jicho jeupe kichwani kwa nguvu zake zote, akasikia fuvu likipasuka. Mbwa akalala. Kisha akainuka, kichwa kimebonyea upande mmoja, akarudi kwenye mguu uleule wa Nicolasa. Mwingine alimng'ata Casimiro mkono hadi mfupa ukalia. Akampiga teke, akakimbilia galoni ya oili aliyoiweka nyuma ya kiti, akaimwaga yote barabarani. Walinusa, wakageuka. Ilikuwa ya baridi, haijapita kwenye injini.

Hapo ndipo alipoelewa.

Akajitupa chini ya lori, katikati yao. Meno yakamzama pajani. Alipapasa nati ya sampu, akaivika spana, akavuta huku akilia kama mtoto. Nati ikalegea. Oili ya moto ilimwagika juu ya mikono na kifua chake, ngozi ikatutumka, akapiga ukelele ambao hajawahi kuutoa tena.

Wakamwachia Nicolasa.

Walisongamana juu yake wakinywa. Walilamba lami, wakalamba shati, wakalamba mikono yake iliyoungua. Ndimi zao zilikuwa baridi kama barafu ya mlima. Alipokaza nati upya kwa vidole visivyohisi kitu, hawakumzuia.

Alifika La Paz taa nyekundu ya oili ikiwaka njia nzima, Nicolasa amejikunyata kitini, yu hai. Casimiro alimshukuru Mungu hadi sauti ikamkauka.

Wiki tatu baadaye don Hilarión aliwatembelea na ile gasketi kuukuu, kaifunga kwenye gazeti. Alikuwa ameisafisha.

"Itazame ukingoni," alisema.

Haikuwa imechakaa. Ilikuwa imetafunwa kutoka nje, alama za meno zimepangana vizuri.

"Walikuwa wanaitoboa wenyewe ili wanywe?" Casimiro aliuliza kwa sauti ndogo. Fundi aliokota kofia yake akaaga, na tangu siku ile hagusi lori lile.

Majeraha ya Casimiro yamepona. Ya Nicolasa pia, isipokuwa moja kwenye shavu la mguu, dogo kama tundu la msumari. Halimuumi. Daktari amelishona mara mbili, na mara zote mbili nyuzi zimekutwa asubuhi zimekatika. Anavuja kidogo tu, daktari anasema. Haimuui mtu.

Siku hizi Casimiro anapanda Cumbre na gunia zima la mikate. Anairusha yote, na wala hawainusi. Hawaitazami injini pia.

Hata akipanda peke yake, wanakuja moja kwa moja upande wa mlango wa Nicolasa, wanakaa, wanasubiri.