Mipangilio ya Marehemu Kaka

Wa kwanza kumwambia alikuwa wifi yake, mjane wa kaka yake, walipokuwa wakianika nguo.

"Kompyuta ya kaka yako inaunguruma, wifi."

"Panya hao. Tega mtego."

Hakuyatia maanani. Alikuwa na yake. Kaka alipofariki, yeye ndiye aliyerithi kazi ya kutunza seva, ile kompyuta inayobeba tovuti ya zahanati. Sasa wagonjwa walikuwa wakiomba miadi kwenye tovuti, na maombi yote yakienda kwenye mtambo wa zamani usioangaliwa na mtu.

"Isipokaa sawa leo, mama," mkuu wake alimwambia, "kesho tunatafuta mwingine."

Akalirekebisha faili la mipangilio, lile linaloiambia seva maombi yaende wapi. Akahifadhi. Akaiwasha seva upya. Mambo yakarudi yaleyale. Akarudia. Yaleyale! Alikuwa akitwanga maji kwenye kinu, na machozi ya hasira yalimlenga.

Mchana ndipo alipouona mstari ule mmoja. Kaka alipougua, aliiagiza seva isisome mipangilio iliyomo ndani yake. Kila ikiwaka, iivute kutoka mbali, kwenye kompyuta yake ya nyumbani, ili aweze kuirekebisha akiwa kitandani. Ndiyo maana kila alichoandika yeye kilifutwa.

Akaufuta mstari. Akawasha upya.

Mstari ukarudi. Juu yake palikuwa na maneno mapya: "Acha, Chokochoko."

Aliyemwita hivyo utotoni, kwa kuchokonoa kila kitu, alikuwa kaka yake peke yake.

Akampigia wifi simu. "Chomoa waya wa ile kompyuta. Sasa hivi."

"Waya niliuchomoa tangu mazishi. Si nilikwambia inaunguruma?"

Alikwenda mwenyewe, mbio. Kompyuta ilikuwa pembeni mwa kitanda, imefunikwa shuka. Waya umeviringishwa juu yake. Akaweka kiganja. Moto, kama paji la uso la mtoto mwenye homa.

"Umeisikia?" wifi alinong'ona mlangoni. Hakuingia.

Yeye akafungua skrubu, akaing'oa diski yenye kumbukumbu zote, akaitia mkobani. Muungurumo ukakoma.

Kazini, akaufuta mstari tena. Safari hii seva ikatii. Maombi ya miadi yakafika yanakotakiwa.

"Kumbe unaweza!" mkuu akacheka. Yeye hakuwa na hamu ya kucheka.

Nyumbani, aliificha diski juu ya kabati, akalala fofofo.

Asubuhi alimkuta mwanawe amesimama mbele ya kabati, anatazama juu. Mtoto huyo alikuwa bado hajajua kusema zaidi ya "mama" na "maji".

"Chokochoko," mtoto akasema, taratibu, kwa sauti nzito kidogo.

Hakwenda kazini kwanza. Aliizungushia diski taulo, akambeba mtoto mgongoni, akairudisha kwa wifi. Wifi alifunua shuka tu.

Yeye akaigusa kompyuta. Ilikuwa baridi kama jiwe.

Diski ndiyo iliyokuwa ikimchoma kiganja, ndani ya taulo.