Halvard Alisema Inatosha

"Kaka, chomoa basi! Asilimia themanini zinakutosha, au unakwenda mwezini?"

Aliyegonga kioo cha gari la Halvard alikuwa Eirin, muuguzi, sweta jekundu la sufu limemkaa vizuri na pua imeiva kwa baridi. Kituo cha chaji cha mji wa Gol kilifurika magari ya umeme ya watu waliotoka likizo ya vuli, na foleni nzima ilijua kwamba asilimia ishirini za mwisho huingia kwa kujikokota. Halvard naye alijua. Akashuka akiona haya, akachomoa waya.

"Samahani, dada. Nikununulie soseji?"

"Mbili. Na haradali nyingi."

Soseji zikaleta simu, simu zikaleta mapenzi. Ilipofika Februari, Halvard alikuwa anapelekwa Eidfjord, ng'ambo ya mlima, kutambulishwa kwa Mama Gudveig, mama yake Eirin, siku anatimiza miaka sitini.

Lakini huyu Halvard, jamani, alipenda kujisifu!

"Gari hili linakwenda kilomita mia tano, mpenzi."

"Kiangazi, labda. Leo baridi kali, tunapanda mlima, upepo unatupiga usoni, na hilo boksi la skii za kutelezea theluji juu ya paa nalo linakula chaji. Tuongeze chaji hapa Geilo."

"Roho yangu, niamini."

Wakaipita Geilo.

Juu mlimani, theluji ilipeperuka kiasi kwamba magari yalivushwa kwa msafara tu, nyuma ya gari la kusukuma theluji. Mlinzi wa kizuizi cha barabara aliinama kwenye kila dirisha.

"Chaji inatosha? Mmoja akikwama huko, wote mmekwama."

Halvard alikuwa anaiona namba mbele yake: asilimia kumi na mbili.

"Inatosha kabisa," akajibu.

Msafara ulisimama mara kwa mara, na kila uliposimama hita iliendelea kunywa betri bila gari kusogea. Halvard akaizima kimyakimya.

"Mbona baridi hivi?"

"Hita imeharibika, kipenzi."

Eirin akanyoosha kidole, akabonyeza kitufe cha hita. Hewa ya moto ikampuliza usoni. Kabla hajasema neno, simu ya gari ikaita, ni Mama Gudveig, naye Halvard akaipokea.

"Mama, tutachelewa kidogo. Gari la theluji limeharibika!"

Dakika chache baadaye gari lake likazimika. Nyuma yao msafara mzima ukasimama, taa zinawaka na kuzima, watu wanashuka na makoti yao kuja kuchungulia. Halvard alitamani ardhi ipasuke immeze. Walivutwa mpaka Eidfjord, wakakuta keki imeliwa na wageni wameondoka.

"Betri nimeisamehe," Eirin alimwambia mlangoni. "Lakini umenidanganya nimekaa ubavuni mwako, ukamdanganya na mama yangu. Nenda, Halvard."

Akaenda. Kwa wiki kadhaa hakuthubutu kupiga simu. Kila akiishika, uso ulimwaka moto. Mwishowe Eirin ndiye aliyempigia.

"Umejificha?"

"Naona aibu."

"Aibu ya gari?"

"Ya uongo. Niliogopa utaniona si lolote."

"Usiniambie mimi. Kamwambie mama."

Jumamosi akapanda basi. Mama Gudveig alimfungulia mikono imejaa unga, Eirin amesimama nyuma yake, nywele hazijachanwa.

"Mama," Halvard alisema, macho chini, "gari la theluji halikuharibika. Ni mimi. Chaji ilikuwa haitoshi na nilijua. Nimewaharibia sherehe, nikamsingizia mtu aliyekuwa anatusaidia. Naona aibu hata kusimama hapa."

"Ni aibu kweli," mama akasema. "Vua viatu, chakula kinapoa." Akaingia jikoni.

Halvard akabaki hapohapo, machozi yanamlengalenga. Eirin akamsogelea, akamfuta uso kwa mkono wa sweta.

"Ndiyo," akamnong'oneza.

"Ndiyo nini? Sijauliza kitu."

"Si uulize basi, mwanaume wewe!"

Akauliza kama atakubali waoane, kwa sauti ndogo, bila kujisifu hata kidogo.